Sauti ndani ya vyungu: nilivyoandaa maonyesho ya Frere Town

Makondakta wa matatu huita "Kengeleni! Kengeleni!" kutwa nzima, na abiria hushuka pale Kisauni, Mombasa, bila kuutupia jicho mnara wa kengele iliyoupa mtaa jina. Kengele hiyo ilipigwa kuwatahadharisha watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Kijiji cha Frere Town kilianzishwa na wamishenari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875, wakaletwa mateka waliookolewa baharini na manowari za Uingereza: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Baadhi ya viongozi wao walikuwa Waafrika waliolelewa Nashik, India, nao pia waliwahi kuuzwa.

Wajukuu wangalipo, na swali la "wewe kabila gani?" bado huwakwama kooni. Nilitaka kulionyesha swali hilo kwa picha, sauti na video. Ukumbi nilipewa kwa bei ya kirafiki, projekta nikaazima. Kazi ilikuwa kwa watu.

Ukimwendea mtu mzima na kumuuliza kama babu yake alikuwa mtumwa, mazungumzo yameisha hapo. Kwa hiyo niliuliza mambo mengine: Krismasi mlipika nini? Mama akikubembeleza aliimba nini? Nyanya mmoja aliniambia, "Mwanangu, hayo ya utumwa mimi siyajui," kisha akaimba wimbo ambao hata yeye maneno yake hayaelewi. Aliupokea kwa mamake, na mamake kwa mamake. Rafiki zangu walinisihi nitafute mtu wa kuufasiri. Nilikataa. Kama mwenye wimbo haujui, kwa nini mgeni wa dakika kumi aujue?

Kumpa kila mgeni vipokea sauti vya masikioni kungenimaliza mfuko. Nikanunua vyungu sokoni, nikaweka spika ndogo ndani ya kila kimoja. Mwanzoni sauti ilivuma tu, huelewi neno. Nilipoiinua spika juu ya makumbi ya nazi ikasikika vizuri. Ilimlazimu mgeni ainame mpaka sikio liguse mdomo wa chungu, na wawili hawawezi kusikiliza pamoja. Hilo nililipenda kuliko kitu chochote pale ukumbini.

Skrini nayo ilikuwa jora la marekani, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi. Katika karne ya 19 kitambaa hicho kilifumwa Massachusetts, wafanyabiashara wa Salem wakakileta Unguja, na huko bara kikanunulia pembe za ndovu na watu. Sura za wajukuu nilizimulika juu yake. Hushika mwanga vizuri pia, tena ni rahisi.

Picha moja ya zamani, ya darasa la watoto, ilikuwa imeandikwa jina la mwalimu wa Kizungu peke yake. Chini yake nikabandika vipande vya karatasi na kuning'iniza penseli. Kufika jioni ndugu wawili, kaka na dada, walikuwa wanabishana yule wa mstari wa nyuma ni babu yao au ni ndugu ya babu. Nikaacha majina yote mawili.

Mzee mmoja wa Mji wa Kale alizunguka kimya, halafu akanijia. "Mbona mwatufanya sisi tu ndio wabaya? Mreno je? Na huyo Mwingereza?" Sikubishana naye, maana nusu ya neno lake ni kweli, nusu ya pili ni kwamba nyumba nyingi za Mombasa zilikuwa na watumwa hadi sheria ilipokomesha utumwa mwaka 1907. Nikamwomba aketi ayaseme hayo kwenye kinasa sauti. Akakubali, na kesho yake naye alikuwa na chungu chake. Baadhi ya familia za Kisauni hawakufurahi. Nadhani wana haki ya kutofurahi, na chungu nikakiacha palepale.

Watu wa Rabai, kijiji kingine cha misheni karibu na Mombasa, wameomba niyapeleke maonyesho kwao. Lakini habari za huko ni nyingine: wengi walikuwa watumwa watoro, waliojiokoa kwa miguu yao wenyewe, na wengi kati yao walipewa hati za uhuru mwanzoni mwa 1889, baada ya IBEA, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya Afrika Mashariki, kukubali kuwalipa fidia waliodai kuwamiliki. Vyungu nitavibeba, rekodi nitazianza upya, na safari hii maswali atauliza kijana wa Rabai, kwa Kirabai.