Sampu haivuji tena

Kavu! Nimeacha injini ingurume hadi ikapata moto, nikazima, nikapitisha karatasi ya shashi kuzunguka bolti ya kumwagia oili, ile iliyo chini ya sampu (bakuli la oili la injini). Imetoka nyeupe.

Bolti ilikuwa inazunguka tu, haitoki wala haikazi. Yenyewe ni chuma, sampu ni alumini, na ikikazwa kupita kiasi mara kwa mara, hesi za alumini, yale meno ya ndani ya tundu yanayoshika bolti, ndizo zinazolika. Kuitoa, niliingiza bisibisi bapa chini ya kichwa nikawa naisukuma nje taratibu huku nazungusha kwa soketi ya pembe 6. Ile ya pembe 12 sitaki hata kuiona karibu na bolti ya sampu: inashika kwenye ncha tu, kichwa kikianza kulika inakimalizia. Bolti ikatoka na hesi za sampu zimeizonga, nyembamba kama springi ya kalamu.

Bolti nene inayojikatia hesi niliikataa. Ikiingia upande, wosha haikai sawa na sampu inaweza kupasuka. Nikaenda na bushi ya chuma, yenye hesi ndani na nje.

Kilichonitesa ni kuiweka wima tapu, chombo cha kukatia hesi mpya za kushika bushi. Umelala chali, unaona imenyooka. Ukichungulia kutoka ubavuni, imelala. Dawa ikawa kipande kinene cha chuma chenye tundu lililotobolewa wima: nikakishikiza kwenye uso wa sampu, tapu ikapita humo, mizunguko ya kwanza ikashika sawasawa. Mifereji ya tapu niliijaza grisi inase chenga. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, natoa, nafuta, napaka tena. Kisha nikamimina oili ya bei nafuu kwa juu, tundu likiwa wazi, isombe chenga zilizobaki.

Mdomo wa bushi lazima uzame kidogo. Ukichomoza, wosha inakalia bushi badala ya uso wa sampu, na oili inapenya. Nikaifunga kwa gundi ya hesi, nikaiacha ikauke vizuri, nikaweka wosha mpya ya shaba na kukaza kwa spana ya kipimo, kiwango kile kile cha kitabu cha gari.

Nilipanga pia kusugua kutu na kupaka rangi huko chini. Itasubiri, maana sasa nawaza valvu yenye kishikio mahali pa bolti: ukishaifunga mahali pake, hesi za sampu huzigusi tena. Ila inaning'inia chini zaidi, kwa hiyo kwanza napima nafasi iliyopo hadi kwenye bati la kinga.