Jinsi nilivyotatua deni la mteja mmoja kutokea kwa wateja wote (lugha ya programu ya Python)

Jamani hii imenisumbua siku mbili nzima. Nilikuwa naandika programu ndogo ya daftari la madeni ya duka, nikatengeneza klasi ya Mteja, chini yake tu nikaandika madeni = [] (listi tupu) halafu ndo nikaweka __init__ (sehemu inayoendeshwa kila unapounda mteja mpya) ya kupokea jina. Nikaunda a = Mteja("Asha") na b = Mteja("Juma"), nikaandika a.madeni.append(5000) kuongeza deni kwenye listi ya Asha, kuprinti b.madeni inatoka [5000]! Juma hajachukua hata kiberiti na tayari anadaiwa.

Nikadhani append ndo mbovu, nikabadilisha majina, wapi. Kilichonifungua macho ni kuprinti a.madeni is b.madeni, ikajibu True, yani ni listi ile ile moja. Kumbe klasi ni ramani ya nyumba na obujekti (kama a na b) ndo nyumba zenyewe, sasa listi ukiiandika juu pale kwenye klasi inakuwa kama bomba la mtaa, wote wanachota hapo hapo. Cha kila nyumba kizaliwe ndani ya __init__.

Nikafuta ule mstari, nikaweka self.madeni = [] ndani ya __init__, chini ya self.jina = jina (self ni yule mteja anayeundwa), nikaendesha tena: Asha [5000], Juma [].

Halafu angalieni, ingekuwa namba kama deni = 0, basi a.deni += 5000 isingemgusa Juma, maana hapo Python inampa a deni lake jipya peke yake. Ndo maana kosa hili linajificha mpaka siku unapotumia listi.