Dema ameondoka, Marko mlete

Nimerudia 2 Timotheo sura ya 4, safari hii polepole, kwa sababu dada aliyenilea kiroho ameacha imani. Hakugombana na mchungaji wala hakupatikana na kashfa. Aliniambia kwa utulivu kwamba haamini tena, na kwamba amechoka kuigiza. Afadhali angekuwa na hasira. Hasira huwa inapoa.

Hoja zake hazikunitikisa sana. Nyingi nimeshajiuliza mwenyewe usiku. Kinachoniuma ni kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kufunga, kukesha, na kuomba kwa sauti bila kuona haya. Ikiwa aliyenishika mkono anasema hapakuwa na mtu upande wa pili, mimi nimekuwa nikizungumza na nani? Swali hilo haliondoki kwa kuimba kwa nguvu zaidi Jumapili.

Ndipo nikamkuta Paulo akiwa kifungoni, Dema amemwacha na kwenda zake Thesalonike. Huyu Dema hakuwa mtu wa pembeni: katika Wakolosai na Filemoni ametajwa pamoja na Luka kati ya wanaotuma salamu. Hata hivyo, Paulo hajazi ukurasa kumlaumu. Anasema ameupenda ulimwengu huu, basi. Mistari michache baadaye anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kuachwa kunamuuma, lakini bado anahisi baridi na bado anataka kusoma. Nimeupenda uaminifu wa namna hiyo, usio na kelele.

Na katikati ya hayo anasema Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi. Marko yupi? Yule yule aliyewaacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia akarudi Yerusalemu, ambaye Paulo baadaye alikataa kwenda naye mpaka yeye na Barnaba wakatengana. Dema na Marko wametajwa katika mistari inayofuatana. Siku Marko alipogeuka, nani angeweza kujua yupi atarudi?

Kanisa la Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, nalo lilipata shida hiyo. Mwaka 250, kwa amri ya Decius, kaisari wa Roma, watu walitakiwa kutoa sadaka kwa miungu na kupewa cheti. Wakristo wengi walikubali. Wengine walinunua cheti bila kutoa sadaka. Dhoruba ilipopungua wengi wakataka kurudi, na kanisa likagawanyika: wengine wapokelewe mara moja, wengine wasipokelewe kamwe. Askofu Cyprian akashika njia ya kati, toba kwanza, kisha kupokelewa. (Yeye mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa dhiki, na watu hawakuacha kumkumbusha. Mwaka 258 alikatwa kichwa kwa imani hiyo hiyo.) Najua kulazimishwa na dola si sawa na kuchoka kimya kimya. Ila ule ukali wa waliobaki dhidi ya walioondoka naufahamu. Nimeusikia kwenye ushirika wetu, umevikwa jina la maombi.

Wiki hii mmoja alipendekeza tumwombee huyu dada, na kabla hatujafumba macho tulikuwa tumeshataja ndoa yake, mavazi yake na marafiki zake wapya. Nikasema tumwombee kwa jina tu, maelezo Mungu anayo. Pakawa kimya kidogo, hata mimi nikaona aibu kwa ukali wa sauti yangu.

Kwa sasa ninasoma zaburi moja kila asubuhi, mara nyingi bila kuhisi chochote. Zaburi ya 88 imenifaa kuliko zile za shangwe; inaishia gizani, lakini toka mwanzo hadi mwisho inazungumza na Mungu. Kesho tumepanga kuonana, mimi na yeye. Ameniomba nisije na mistari. Nimekubali. Mama yake ni mgonjwa, na hajapata mtu wa kumsikiliza kuhusu hilo tangu watu wa kanisani waache kumpigia simu.