Abril Fatface: usibonyeze B

Ukiona kichwa cha habari kimepangwa kwa Abril Fatface na matundu ya a na e yamezibika, angalia kwanza kama aliyekipanga amebonyeza B, kitufe cha kunenepesha herufi. Fonti hii ya kampuni ya TypeTogether, inayopatikana bure Google Fonts, ina uzito (kiwango cha unene) mmoja tu: 400. Ukiilazimisha iwe nene zaidi, programu huipaka herufi wino wa bandia pembeni. Nguzo, yaani mistari minene iliyosimama, zinavimba, mistari myembamba inanenepa nayo, na ule mpishano wa nene na nyembamba ulioipa fonti uzuri wake unakufa. Kwenye tovuti balaa hili huja bila kubonyeza chochote, maana vivinjari huvinenepesha vyenyewe vichwa vya h1 na h2, yaani vichwa vikuu vya ukurasa. Andika font-weight: 400 kwenye CSS, msimbo wa mwonekano wa tovuti, uongeze font-synthesis: none ili kivinjari kisibuni unene wa bandia.

Asili ya umbo hili ni mabango ya matangazo ya karne ya 19, Uingereza na Ufaransa. Wachonga herufi wa London, na Robert Thorne ndiye anayetajwa zaidi, walinenepesha nguzo kupita kiasi huku serifu, vile vijimkia vya ncha za herufi, zikibaki kama unywele. Zilikusudiwa kumsimamisha mpita njia, si kusomwa aya nzima.

Huo unywele ndio unaoamua ukubwa. Kuza herufi n kwenye skrini, upime mstari wake mwembamba kabisa. Tuseme ni sehemu 1 kati ya 50 ya ukubwa wa fonti: kwa pointi 72 unapata 1.44, kwa 36 unapata 0.72, kwa 12 unabaki na 0.24. Karatasi nzuri ya ofseti itaubeba huo wa mwisho kwa shida. Kwa fulana zinazochapwa kwa skrini ya wino, unywele wangu haushuki chini ya pointi 1. Herufi nyeupe juu ya picha ya rangi nne ni hatari zaidi, kwani rangi moja ikihama kidogo tu, wino unaujaza unywele na m inasomeka kama vijiti vitatu. Stika za plota, mashine ya kukata stika, nazo huchanika papo hapo, wakati wa kung'oa mabaki.

Kiswahili kina mtego wake. Maneno kama “umuhimu” na “mwanamume” yamejaa nguzo zilizosimama sambamba, na kwa unene huu yanageuka uzio wa miti. Ongeza nafasi kati ya herufi, 10 hadi 15 kwenye kipimo cha programu ya InDesign, kisha lisome neno ukiwa umesimama mbali.

Halafu kuna ng’. Alama iliyonyooka ya kibodi hutokea kama kijiti kilichochomekwa, ilhali ile iliyopinda ni tone nene lenye mkia mwembamba, ndugu wa mkato wa fonti hiyohiyo. Kwenye “Ng’ombe” ya pointi 90 kila mtu ataiona tofauti. Katika Windows shikilia Alt, uandike 0146 kwa tarakimu za pembeni.