Niliposema wa Kwanza Katika Kikao cha Tathmini

Jana jioni tulimaliza kikao cha Desemba cha kamati inayopima maendeleo ya madaktari wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Marekani, na tangu nirudi nyumbani namfikiria daktari mmoja wa mwaka wa pili ambaye huenda nimemwonea.

Kila programu ya ubingwa yenye ithibati ya ACGME, baraza linalosimamia mafunzo ya ubingwa wa madaktari hapa Marekani lenye makao yake Chicago, inatakiwa kuwa na kamati kama hii, yenye wakufunzi wasiopungua watatu na inayokutana angalau mara mbili kwa mwaka. Ngazi tunazotumia zilianza Julai 2013 katika fani saba, yetu ikiwa mojawapo. Zinatoka 1 hadi 5, ya 4 ikiwa ndiyo lengo la anayehitimu. Si alama za mtihani. Zinaeleza kwa maneno mambo ambayo daktari wa hatua fulani huonekana akiyafanya, kuanzia kumhudumia mgonjwa hadi mawasiliano na maadili ya kazi.

Fomu zote za daktari huyo zilikuwa na maneno yanayokaribiana: anafanya vizuri. Mkufunzi aliyekaa na mtu wodini kwa majuma mawili, akijua kwamba watakutana tena, ni mara chache huandika jambo gumu chini ya jina lake, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwa na kamati: dokezo la mmoja, likiwekwa kando ya dokezo la mwingine, laweza kuonyesha kitu ambacho hakuna aliyekiona peke yake.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyedumu muda mrefu zaidi katika kamati, niliombwa nianze. Nilisema kwamba katika zamu za usiku hunipigia simu mara nyingi mno, na kwamba kufikia sasa alipaswa kuamua mengi mwenyewe. Watatu walionifuata walisema wameona hilo hilo. Ikaandikwa ngazi ya 2, tukafungua faili jingine.

Baada ya kikao, mjumbe aliye mdogo kuliko sote alinifuata koridoni, akanieleza kwa adabu kwamba usiku mmoja wa Oktoba daktari yule alimpigia simu kuhusu mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa bado la kawaida, lakini alikuwa akipumua haraka na mkojo wake ulikuwa umepungua. Kabla hapajakucha mgonjwa alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, akitibiwa maambukizi makali yaliyokwisha kuathiri figo, na aliwahiwa kwa sababu ya simu ile. Nilimwuliza kwa nini hakuyasema mezani. Akajibu, "Ulikuwa umekwisha kusema wewe, Daktari."

Jibu hilo limenikosesha usingizi. Nilipokuwa daktari mtarajali Dar es Salaam, bingwa akishatoa kauli mbele ya kitanda cha mgonjwa, sisi wadogo tulinyamaza hata pale tulipokuwa tumekesha na mgonjwa huyo. Nilidhani kwamba kamati, kwa kuwa ina watu wengi, ina kinga dhidi ya jambo hilo. Tulikuwa saba, lakini rai iliyoandikwa ilikuwa yangu.

Tena swali lenyewe halikuwa jepesi kama nilivyolitamka. Daktari anaweza kupiga simu kwa woga, na anaweza kupiga kwa sababu anajua mwisho wa uwezo wake, na kujua huko ni sehemu ya umahiri. Katika simu zake nne ninazozikumbuka vizuri, mbili zilihusu kipimo cha insulini ambacho alipaswa kukijua, na mbili zilihusu wagonjwa waliokuwa wakizidiwa kweli. Mimi nilihesabu simu bila kuuliza zilikuwa za nini.

Leo asubuhi nimemwandikia mkuu wa programu, ambaye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, nikamwomba faili hilo lirudi mezani kabla ya taarifa kutumwa. Nimemwomba pia kwamba kuanzia Juni kila mjumbe aandike ngazi anayoipendekeza kabla yeyote hajazungumza, kisha aliye mdogo ndiye aanze. La kwanza amelikubali. La pili amesema tutalijadili. Ijumaa saa kumi jioni nitakaa na daktari huyo tupitie simu zake za usiku, moja baada ya nyingine.