Koki ya bafuni ilikuwa inapiga shoti: nilivyoimaliza

Ukishika koki huku maji ya moto yanatoka, mkono unasisimka hadi kwenye kiwiko. Wapangaji walishazoea kuoga na kandambili miguuni, eti ndiyo dawa.

Maji hayo yanapashwa na shawa ya umeme ya wati 5,500. Kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Elementi yake, yaani kile kipande kinachopasha maji, ilikuwa imekaa uchi ndani ya maji, na maji ya kisima chetu huku Kigamboni yana chumvi, kwa hiyo umeme unapita kirahisi. Umeme unaovuja ulipaswa kukimbilia kwenye waya wa ethi, unaoupeleka ardhini. Fundi alipofungua shawa, waya ule wa kijani na njano ulikuwa umekunjwa tu, haujaungwa popote!

Tulizima mein swichi. Fundi akachimbia fimbo ya ethi nje, akavuta waya wa milimita za mraba 6 kwa ajili ya shawa peke yake, na breka yake ya ampea 32. Elementi tukaweka ile iliyofunikwa, ya maji ya chumvi. Mwisho akafunga kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Kina kitufe cha majaribio: ukikibonyeza, umeme lazima ukatike. Usipokatika, mwite fundi kabla hujaoga.