Alexis Wright, mwandishi anayesimulia kama wazee

Alexis Wright alizaliwa mwaka 1950 katika mji mdogo wa Cloncurry, jimbo la Queensland, Australia. Baba yake, Mzungu mfugaji wa ng'ombe, alifariki binti akiwa na umri wa miaka mitano, naye akalelewa na mama na bibi yake, ambao ni wa taifa la Waanyi, wenyeji asilia wa nyanda zilizo kusini ya Ghuba ya Carpentaria. Bibi huyo alikuwa msimulizi hodari, na kwa maoni yangu hakuna chuo kilichomfaa Alexis kuliko yeye.

Hakukimbilia riwaya. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika taasisi za wenyeji zilizodai haki za ardhi, na riwaya yake ya kwanza, Plains of Promise, ilitoka mwaka 1997. Iliyomtangaza ni Carpentaria ya mwaka 2006, yenye kurasa zaidi ya 500. Wachapishaji wakubwa waliikataa, Giramondo, kampuni ndogo, ikaichapa, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Miles Franklin, tuzo kubwa ya riwaya nchini Australia.

Msomaji wa Mtwara hatajiona mgeni katika riwaya hiyo. Normal Phantom ni mzee anayeijua bahari kama wavuvi wetu wa Mikindani wanavyoijua. Will, mwanawe, anapambana na mgodi mkubwa uliofunguliwa katika ardhi yao. Hata hivyo, baba na mwana hawasemezani, kwa sababu kijana ameoa upande wa mahasimu wa mzee. Hapo ndipo ninapomvulia kofia mwandishi: hakuwachora wenyeji kuwa kundi moja lenye kauli moja. Sisi tulioishi hapa wakati wa mzozo wa bomba la gesi mwaka 2013 tunakumbuka jinsi watu wa nyumba moja walivyoweza kutofautiana kuhusu mali iliyo chini ya miguu yao.

Usimulizi wake unahitaji subira. Unaanza na joka la kale lililochimba mito, kisha unazunguka, unarudi nyuma, unatania, unakemea, kama mzee asiyekubali kuharakishwa na wajukuu. Kurasa za mwanzo zilinichosha, nakiri, lakini nilipozisoma kwa sauti zilifunguka.

Mwaka 2024 riwaya yake Praiseworthy ilishinda kwa pamoja tuzo ya Miles Franklin na ile ya Stella, ambayo ni ya waandishi wanawake wa Australia. Tuzo hiyo ya Stella Wright alikuwa ameshaipata mwaka 2018 kwa Tracker, kitabu kuhusu Tracker Tilmouth, kiongozi wa wenyeji, na hicho ndicho ningependa waandishi wetu wa Lindi na Mtwara wakichunguze kwanza. Badala ya kuandika wasifu kwa sauti yake mwenyewe, Wright alikusanya maneno ya Tilmouth na ya watu wengi waliomfahamu, akayapanga yasikike jinsi yalivyosemwa, pamoja na mabishano yao.